Nanga: Jiwe la Kilwa, kamba ya Mombasa

Usiku wa manane, Aprili 1498, merikebu za Mreno Vasco da Gama zikiwa zimetia nanga mbele ya Mombasa, mitumbwi miwili ilisogea kimya kimya. Watu wakajitosa majini. Baadhi yao waliogelea hadi kwenye merikebu iitwayo Berrio wakaanza kukata kamba ya nanga. Mreno aliyeandika kumbukumbu za safari hiyo anasema walinzi wa zamu walidhani wanaona jodari. Walipotambua kuwa ni watu wakapiga kelele, na waogeleaji wakatoweka gizani.

Kisa hiki husimuliwa kama uhasama wa Mombasa na wageni wake basi. Mimi nakiona pia kama kazi ya watu walioijua bahari. Merikebu iliyokatiwa nanga usiku, karibu na miamba, maji yakienda kasi, haihitaji mshale wala moto. Mkondo utaimaliza wenyewe. Da Gama alipoondoka kwenda Malindi siku chache baadaye, nanga moja ilibaki chini kwa sababu mabaharia wake walishindwa kuing'oa. Simulizi za Kireno zinasema wenyeji waliitoa wakaiweka karibu na jumba la mfalme wao, na hapo ndipo Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alipoikuta alipoiteka Mombasa mwaka 1505.

Ufundi wa nanga pwani hii ulikuwepo kabla ya Mreno yeyote kufika. Kilwa kumepatikana nguzo ndefu za jiwe la kuchongwa, na Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba magofu ya huko, aliandika juu yake mwaka 1980. Nguzo ya aina hii ni nene upande mmoja na inapungua kuelekea upande wa pili. Upande mnene una matundu mawili yanayopita kwa kukingamana. Humo zilichomekwa fimbo mbili za mti mgumu, ncha zake zikatokeza pande zote nne na kuwa kucha. Tundu la tatu, upande mwembamba, lilikuwa la amari, yaani kamba ya nanga. Nguzo za namna hiyo zimepatikana pia Siraf katika Ghuba ya Uajemi, Oman, Gujarat na Sri Lanka, sehemu zile zile zilizofanya biashara na Waswahili. Na mtu aliyezoea nanga ya chuma ya jahazi, yenye kucha nne, hahitaji kuelezwa undugu wake na jiwe hilo.

Nanga za kale zaidi zilitegemea uzito tu. Mwaka 1982 mzamiaji wa sponji aligundua mabaki ya chombo huko Uluburun, kusini mwa Uturuki, kilichozama zaidi ya miaka 3300 iliyopita. Ndani yake na kandokando yake zilikutwa nanga 24 za jiwe. Chombo chenyewe kilikuwa na urefu wa mita 15 hivi! Nahodha aliyebeba mawe mengi kiasi hicho alijua kwamba jiwe moja halitoshi, na kwamba mengine yangepotelea mwambani.

Kucha ndizo zilizobadilisha mambo. Nanga nzuri hushika kwa kuchimba mchanga, na ili ichimbe lazima ivutwe ikiwa imelala. Ndiyo maana nahodha hulegeza kamba ndefu, mara 3 hadi 7 ya kina cha maji kulingana na hali ya bahari. Kamba ikiwa fupi huivuta nanga kwenda juu, kucha zinachomoka, na chombo kinaanza kuiburura. Baura, nanga ya Kizungu yenye mikono miwili, ingeweza kulala ubavu bila kuchimba, ikapata dawa yake: fimbo inayokingamana na mikono, ambayo huilazimisha nanga kugeuka hadi ukucha mmoja uelekee chini. Warumi walikuwa nayo tayari. Ziwa Nemi, karibu na Roma, lilipopunguzwa maji kuanzia 1928, pamoja na merikebu za Kaisari Caligula ilionekana nanga ya chuma ambayo fimbo yake huweza kuchomolewa.

Ilibaki kamba, udhaifu ule ule walioulenga waogeleaji wa Mombasa. Mwamba huikata, maji huiozesha. Miaka ya 1800 ilipoanza, Samuel Brown, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipigania mnyororo wa chuma hadi ukakubalika. Mnyororo haukatwi kwa kisu, na uzito wake huulaza chini, hivyo nanga inavutwa inavyotakiwa. Kisha nanga zikakua kupita kiasi. Ile kubwa ya Titanic, iliyotengenezwa Netherton, Uingereza, ilikuwa na uzito wa karibu tani 16, na farasi 20 waliivuta hadi kituo cha reli.

Leo nanga hizo nzito zinaweza kututia gizani. Februari 2012 meli iliyotia nanga mahali palipokatazwa nje ya Mombasa iliukata mkongo wa mawasiliano wa TEAMS ulio chini ya bahari, na intaneti ikalegea Afrika Mashariki. Mwaka 2024 Rubymar, meli iliyoshambuliwa na waasi wa Kihouthi wa Yemen, ilielea Bahari ya Shamu ikiburura nanga yake, na inaaminika ndiyo iliyokata mikongo mitatu, mmojawapo ukiwa wa Seacom unaotuhudumia sisi.

Historia yote hii bado imelala chini ya maji yetu, na inaharibika haraka pale mtu anapoigeuza jiwe la kujengea au la kuzamishia wavu. Mvuvi, mpiga mbizi, mkazi wa pwani: ukikuta jiwe refu lenye matundu, au chuma cha kale chenye kucha, usilivute wala usilipasue. Shika alama ya mahali, kisha toa taarifa Makumbusho ya Taifa ya Kenya au idara inayosimamia mambo ya kale Tanzania, waje walione likiwa pale pale lilipoachwa na mabaharia.