Mgeni Asiyemponya Mwenyeji: Istilahi za Kimelea wa Shavu la Kamba

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hiyo imejengwa juu ya imani kwamba ugeni ni neema: anayebisha hodi huja na heri, huja na habari, na kitoweo kinachoandaliwa kwa ajili yake hushibisha nyumba nzima. Ndani ya neno mwenyeji mna mwenye na mna mji. Mwenyeji ana mahali pake, ana kauli juu ya mlango wake, na ana wajibu kwa anayeingia. Biolojia ya Kiswahili imelichukua neno hili na kulipa kazi nyingine: mwenyeji ni kiumbe ambaye kimelea huishi juu yake au ndani yake. Kwa kazi hiyo mpya methali inapinduka, maana mgeni anapokuja mwenyeji haponi.

Mfano mmoja unaonyesha mapinduzi hayo vizuri kuliko mingi ninayoijua. Katika maji ya Amazon nchini Brazil anaishi kamba wa maji baridi, Macrobrachium amazonicum, ambaye ni kitoweo cha watu wengi wa jimbo la Pará. Jina la jenasi yake limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mkono mrefu, na kweli kamba hawa wana jozi ya mikono inayoipita miguu yao mingine kwa urefu. Baadhi yao huonekana wamevimba upande mmoja wa kichwa. Ukiinua gamba pale penye uvimbe, kwenye chumba cha mashavu anapovutia hewa ya majini, unamkuta mnyama bapa, mweupe au wa manjano, aliyepinda, amejishikiza kwa miguu mifupi yenye kulabu. Huyo ni jike la Probopyrus bithynis, na anaishi kwa kufyonza damu ya kamba. Juu ya tumbo lake kuna mnyama mwingine mdogo mno, mnyoofu wa umbo. Huyo ni dume lake. Kimelea huyu hamdhuru binadamu anayemla kamba huyo, lakini kwa kamba mwenyewe ni jambo zito.

Majina ya kitaalamu ya wanyama hawa yana historia inayomfundisha mtunga istilahi. Karne ya 18, wavuvi wa pwani ya kaskazini ya Ufaransa waliwaona wanyama wa ukoo huu kwenye kamba wa baharini, wakaamini kwamba ni watoto wa soli, yule samaki bapa anayelala ubavu chini ya maji. Umbo ndilo lililowaongoza: bapa, limepinda, halina ulinganifu wa kushoto na kulia. Mwaka 1772 mwanasayansi Fougeroux de Bondaroy aliiandikia Akademia ya Sayansi ya Paris kuonyesha kwamba hao si samaki, bali ni viumbe wanaojishikiza kwa kamba. Mwaka 1802 mwanasayansi mwingine, Latreille, akawapa jina Bopyrus, ambalo ndilo chimbuko la jina la familia yao, Bopyridae.

Makosa hayakuishia kwa wavuvi. Wataalamu nao waliwakuta wachanga wa wanyama hawa wakiwa wamejishikiza kwa viumbe wadogo wa majini, wakadhani wamepata mnyama mpya, wakamwita Microniscus. Baadaye ilijulikana kwamba hiyo ni hatua ya ukuaji wa mnyama yule yule, na jina lililokuwa la jenasi likageuka kuwa jina la hatua. Hatua ya kwanza kabisa huitwa epikaridiamu, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "juu ya kamba", ingawa mchanga wa hatua hiyo hakai juu ya kamba hata kidogo. Spishi moja ya Probopyrus, ya pwani ya mashariki ya Marekani, inaitwa pandalicola, yaani mkazi wa Pandalus, jenasi nyingine ya kamba, ilhali mwenyeji wake anayejulikana sana ni kamba wa majanini, Palaemonetes pugio. Yule wa Amazon, aliyepewa jina na mtaalamu Harriet Richardson mwaka 1904, anaitwa bithynis kwa kumbukumbu ya Bithynis, jina la zamani la jenasi ya kamba ambao leo wanawekwa katika Macrobrachium. Kamba walihamishwa jina, kimelea akabaki na jina la zamani la mwenyeji wake.

Sisemi hayo kuwakosoa waliotangulia. Walitaja walichokiona, na kanuni za majina ya kisayansi hulinda jina la kwanza ili watu wa nchi zote waelewane. Ninachosema ni kwamba majina hayo yalitolewa kabla maisha ya mnyama hayajajulikana. Kiswahili kimefika baadaye, na kuchelewa huko kuna faida. Sisi tunatunga istilahi tukiwa tumeujua mzunguko mzima, toka yai hadi mzazi. Hatuna sababu ya kutafsiri kosa la mtu mwingine neno kwa neno. Tunaweza kumwita mnyama kwa kile anachokifanya kweli.

Tuanze na kimelea. Neno hili limetoka kwenye mea, kupitia melea, yaani kumea juu ya kitu au kwa hasara ya kitu. Ile silabi moja ya unyambulishaji imetaja uhusiano: hakuna kimelea bila anayemelewa. Vitabu vya biolojia vina kidusia pia, na hicho nacho kina haki yake. Lakini kupe na mnyonyaji tuwaache kwenye uwanja wa siasa. Enzi za Ujamaa maneno hayo yalifanya kazi kubwa, pamoja na picha ya mirija, kuwataja watu waliokula jasho la wenzao, na lawama ile ilikuwa halali kwa sababu mtu ana hiari. Mnyama wa shavuni mwa kamba hana hiari. Hana namna nyingine ya kuishi. Vivyo hivyo doezi, ingawa kwa maana linakaribia sana neno la Kigiriki lililozaa "parasiti", ambalo awali lilimtaja mtu anayekula mezani kwa mwingine. Doezi ana kwake na anaweza kurudi. Jike la Probopyrus akishakua hana pa kurudi.

Upatanisho nao unadai uamuzi. Tumezoea kusema vimelea hivi vya malaria, kwa ngeli ya vitu, na kwa viumbe wasioonekana kwa macho mazoea hayo hayasumbui. Lakini huyu ana miguu, ana dume na jike, ana watoto anaowabeba. Kiswahili kina desturi ya kumpa mnyama upatanisho wa uhai hata jina lake likianza kwa ki-: kipepeo huyu, kiboko yule. Basi tuseme kimelea huyu, vimelea hawa. Lugha hii inajua umuhimu wa jambo hilo, kwani ndilo linalotenganisha kamba hii ya kufungia mashua na kamba huyu wa kwenye tenga.

Kundi kubwa analotoka kimelea wetu ni Isopoda, maana yake miguu iliyo sawa. Naafiki tuwaite miguusawa. Jina linafaa kwa jamii nzima, na hata kwa dume na wachanga wa Probopyrus. Jike aliyekomaa hulipinga kidogo kwa mwili wake uliopinda, upande wa kupinda ukitegemea kama alitua shavu la kulia au la kushoto. Hilo si dosari ya jina, maana usawa ndio asili yake na kupinda ni alama ya makazi. Viumbe wadogo wanaowabeba wachanga wake huitwa Copepoda, na hao Kigiriki kinawaita wenye miguu ya makasia. Kiswahili ni lugha ya mashua, kasia tunalo. Waitwe miguukasia.

Utajiri mkubwa zaidi uko kwenye hatua za ukuaji. Jike hubeba mayai kwenye mfuko ulio chini ya mwili wake. Yakianguliwa, mchanga hutoka na kuogelea huru, akimtafuta mguukasia. Akimpata hujishikiza kwake, hula, hujivua gamba na kubadilika umbo. Kisha humwacha, huogelea tena, safari hii akimtafuta kamba. Akiingia chumba cha mashavu anatulia. Wa kwanza kutua kwa kawaida huwa jike. Anayefuata, akimkuta jike tayari yupo, huwa dume. Uke na uume hapa vinategemea sana nani aliwahi kufika.

Mtu wa pwani haoni tabu kuipa kila hatua jina lake, maana amefanya hivyo kwa mnazi: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Hakuna anayedhani dafu na nazi ni matunda mawili tofauti, na hakuna anayeridhika kuita vyote nazi changa na nazi kubwa. Uwezo huo tuutumie hapa. Kiswahili pia kina mtindo wa kuunganisha kitenzi na nomino ili kupata jina la mtendaji: kitindamimba, kifunguakinywa, kipimajoto, na katika wanyama, kivunjajungu. Kwa mtindo huo napendekeza mchanga wa kwanza aitwe kiachamfuko, wa pili kipandakasia, wa tatu kisakakamba. Anayesoma majina hayo matatu kwa mfuatano ameshapata mzunguko wa maisha bila mchoro.

Wenyeji nao ni wawili. Istilahi iliyozoeleka ni mwenyeji wa kati na mwenyeji wa mwisho, tafsiri za moja kwa moja. Ya kwanza haisemi kati ya nini na nini, na ya pili inasikika kama habari ya mauti. Ningependa mwenyeji wa njiani kwa mguukasia na mwenyeji wa makazi kwa kamba. Kimelea hupita kwa mmoja na huhamia kwa mwingine.

Neno linalohitaji uangalifu kuliko yote ni lile la madhara. Kamba jike mwenye kimelea huyu kwa kawaida hatagi: ovari zake hazikomai, na nguvu ambazo zingeingia kwenye mayai yake huishia kwenye mayai ya mgeni wake. Huishi, hula, huogelea, lakini hana uzao. Lugha za Ulaya huita hali hiyo kuhasiwa na kimelea, na wapo wanaoileta hivyo hivyo kwa Kiswahili. Nalikataa. Kuhasi kwetu ni kazi ya mfugaji kwa fahali na beberu. Ni tendo la kukata au kuponda, nalo linahusu dume. Kilichompata kamba ni utasa aliosababishiwa. Tuseme utasa wa kimelea, tutakuwa tumetaja jike, tumetaja kisababishi, na hatujaongeza kisu kisichokuwepo.

Mwisho ni maji yenyewe. Kiswahili huita maji ya mito na maziwa maji baridi, kinyume cha maji chumvi. Mwanafunzi aelezwe mapema kwamba ubaridi huo si wa kipimajoto, kwani mito ya tropiki ina joto. Lakini maisha ya kamba hawa yanadai neno la tatu, kwa sababu wengi wa Macrobrachium huishi mtoni wakiwa wakubwa na wachanga wao huhitaji maji yenye chumvi kiasi ili wakue. Neno lipo, na watu wa mdomoni mwa mto wanalitumia: maji ya chumvichumvi. Kurudufisha huko kunapima kiwango bila kuhitaji istilahi ngeni. Mito ya pwani ya Afrika Mashariki ina kamba wa jenasi hii pia, mmoja wao Macrobrachium rude, hivyo maneno haya si ya Amazon peke yake. Yatatufaa mtoni kwetu.

Nchini Tanzania, Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi ya msingi ilifanyika, nayo ilikuwa kubwa. Iliyobaki ni ya kushuka chini hadi kwa viumbe wadogo ambao kamusi za jumla haziwafikii, na haiwezi kufanywa mezani peke yake. Mwalimu wa biolojia amwonyeshe mwanafunzi kamba mwenyewe. Mtafiti wa uvuvi awaulize wavuvi na wachuuzi wanauitaje uvimbe wa shavuni kabla hajawapelekea neno lake, na wakiwa na jina zuri kuliko langu, langu liachwe bila kusita. Istilahi bora ni ile iliyotungwa na mtu aliyemwangalia mnyama kwa makini, ikakubaliwa na wale wanaomshika kila siku.