Nyumba ya Nyongeza: Istilahi Moja na Kiwanja Chake

Katika sheria za ujenzi za jimbo la California, nchini Marekani, limo jengo linaloitwa "accessory dwelling unit", ambalo wenye fani hulifupisha kuwa ADU, na ambalo mfasiri wa Kiswahili hushawishika kulipa jina la haraka, kwa kuwa kitu chenyewe hakina ugeni: ni makao kamili yaliyojengwa katika kiwanja ambacho tayari kina nyumba, au ambacho nyumba hiyo inakusudiwa kujengwa. Ukamilifu ndio kiini cha fasili ya kisheria, kwani jengo halihesabiwi kuwa ADU mpaka liwe na mahali pa kudumu pa kukaa, kulala, kula, kupika na kujisaidia, bila mkaaji wake kulazimika kuvuka ua kwenda kuomba jiko au choo cha nyumba kubwa. Chumba cha wageni kisicho na jiko, hata kiwe kipana namna gani, hubaki chumba.

Jina la kwanza linalomjia mtu ni "nyumba ndogo", nalo halifai hata kidogo. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa Tanzania, nyumba ndogo ni hawara wa mume wa mtu, na fomu ya halmashauri inayomtaka mwenye kiwanja ataje idadi ya nyumba ndogo alizonazo ingesomwa kwa sauti katika kila kijiwe. Zaidi ya hayo, udogo wenyewe si sifa ya lazima, kwa sababu ADU iliyosimama peke yake inaweza kufikia futi za mraba 1,200, yaani takriban mita za mraba 111, pale ambapo mji haukuweka kikomo cha chini zaidi, na ziko nyumba kuukuu zisizofikia ukubwa huo. "Nyumba ya pili" nayo huelekeza fikra kwa mtu mwenye makazi mawili, mjini na kijijini, au kwa mwenye wake wawili. Sheria ya California yenyewe ilitumia jina la namna hiyo tangu 1982, ikaliacha katika marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2017, ambapo neno la kuhesabu lilipisha neno la kuonyesha uhusiano.

Kiingereza cha mitaani kimeutafuta uhusiano huo katika ukoo, kikaliita jengo hili nyumba ya bibi au ya wakwe, na huko Hawaii limepewa neno la wenyeji, "ohana", lenye maana ya familia. Kiswahili hakiwezi kuifuata njia ya wakwe bila kujikwaa, maana ziko jamii za Afrika Mashariki ambazo mama mkwe kulala kwa mkwewe ni jambo la kuepukwa, seuze kujengewa nyumba hapo. Kiswahili kimefuata njia ya mahali. Nyumba ya Kiswahili ya mjini, yenye vyumba vilivyopangwa pande mbili za ukumbi, humalizikia uani, penye jiko, choo na stoo, na hapohapo mwenye nyumba huongeza vyumba vya kupangisha ambavyo watu huviita banda la uani. Nairobi wanasema SQ, kifupi cha "servants' quarters", herufi zilizobaki kutoka enzi ya ukoloni, vyumba hivyo vilipokuwa vya watumishi wa nyumbani, ingawa siku hizi mpangaji wake anaweza kuwa karani au mwanafunzi wa chuo asiyemtumikia yeyote.

Majina haya ni hai na yanaeleweka, lakini kila moja linabeba mzigo usiomo katika sheria inayofasiriwa. "Banda" hudokeza kitu cha kubomolewa kesho, ilhali ADU hujengwa kwa viwango vya nyumba ya kudumu. SQ hutaja utumishi. Na "uani" hubana mahali, kwa kuwa ADU inaweza kuungana na ukuta wa nyumba kubwa, kukaa juu ya gereji, au kutokana na gereji iliyogeuzwa. Ipo hata aina yake changa, isiyozidi futi za mraba 500, inayomegwa ndani ya kuta za nyumba ya familia moja, ikiwa na mlango wake na jiko dogo, na ikiruhusiwa kushiriki bafu na nyumba hiyo. Kuiita hiyo nyumba ya uani ni kumpeleka msomaji nje ya nyumba ilhali kitu kimo ndani.

Wafasiri wanaopenda usahihi wanaweza kupendekeza "makao tegemezi", na hapa sarufi inatoa onyo. Kishazi tegemezi ni kile kisichoweza kutoa maana kamili kikiwa peke yake, lakini ADU ya kawaida, kwa upande wa maisha ya kila siku, ni huru kabisa: ina mlango wake, jiko lake na choo chake. Kinachotegemea ni hadhi yake kisheria, kwa kuwa haiwezi kuwapo mahali pasipokuwa na nyumba kuu, na kwa kawaida haiuzwi peke yake. Kwa sababu hiyo "nyumba ya nyongeza" inaelekea kufaa zaidi, maana nyongeza hudai kitu cha awali kilichoongezewa bila kusema kwamba kilichoongezwa ni kipungufu, kidogo au cha nyuma. Na "nyumba ya uani" ibaki katika mazungumzo, pale jengo lenyewe liko uani kweli.

Istilahi hii haisafiri peke yake, na mtego mkubwa zaidi umo katika kibali cha ujenzi. Sheria inaagiza maombi ya ADU yaamuliwe kwa utaratibu ambao jina lake la Kiingereza, "ministerial", linafanana na neno la uwaziri, na mfasiri asiye mwangalifu ataandika "idhini ya kiwaziri", hali hakuna waziri yeyote anayehusika. Maana yake ni kinyume cha mamlaka ya mkubwa: ofisa hulinganisha michoro na vigezo vilivyoandikwa, na vikitimia hana hiari ya kukataa, wala hakuna kikao cha majirani kutoa pingamizi. Pengine "idhini kwa vigezo" inatosha, ikitofautishwa na "idhini kwa hiari". Maombi yaliyokamilika yasipoamuliwa ndani ya siku 60, huhesabiwa yamekubaliwa. Vigezo vyenyewe hupimika kwa futi kamba: kwa jengo jipya lililosimama peke yake, mji hauwezi kudai zaidi ya futi 4, kama mita 1.2, kati ya ukuta na mpaka wa kiwanja ubavuni na nyuma. Maegesho ya ziada hayadaiwi palipo na usafiri wa umma ndani ya nusu maili, na jengo lisilofikia futi za mraba 750 husamehewa ada za kugharimia miundombinu.

Ukali huu dhidi ya hiari ya ofisa una historia. Mji wa Berkeley, huko California, ulitenga mitaa ya nyumba za familia moja pekee mwaka 1916, miji mingine ikafuata, na kwa miongo mingi makao ya ziada yalijengwa kwa kificho au hayakujengwa kabisa.

Sheria iliyopitishwa mwaka 2023 sasa inairuhusu miji inayotaka kukubali ADU iuzwe peke yake, kwa mfumo wa umiliki wa sehemu za jengo, ambao Tanzania nayo iliutungia sheria mwaka 2008. San Jose ni miongoni mwa miji iliyolikubali jambo hilo mapema. Siku mnunuzi anapokabidhiwa hati yake, nyumba hiyo haitakuwa tena nyongeza ya mali ya jirani, bali mali iliyo sawa nayo katika kiwanja wanachochangia, na "nyumba ya nyongeza" italieleza jengo lilivyozaliwa, si linavyomilikiwa.