Peter Lorre, Mwovu Aliyehurumiwa

Katika senema wako wachezaji ambao mtazamaji huzijua nyuso zao kabla ya majina yao. Hawapewi kumwoa binti wala kushinda vita, walakini wakiondolewa mchezo hupwaya. Aliyewapita wote, kwa rai yangu, ni Peter Lorre, mtu mfupi, mwenye macho makubwa yaliyotokeza na sauti laini, ambaye kwa zaidi ya miaka 30 alilipwa kuwatisha watu.

Jina lake la kuzaliwa ni László Löwenstein. Alizaliwa tarehe 26 Juni 1904 katika mji wa Rózsahegy, uliokuwa katika dola ya Austria na Hungaria, na ambao leo umo Slovakia. Na baada ya ujana wa dhiki majukwaani alifika Berlin, ambako Bertolt Brecht alimtumia katika tamthilia zake, na Fritz Lang akampa sehemu ya muuaji wa watoto katika senema iitwayo M, ya mwaka 1931.

Ajabu ya senema ile ni kuwa muuaji hasemi mengi. Kwanza ni kivuli juu ya tangazo la polisi, kisha ni mluzi tu, na mluzi wenyewe ulipigwa na Lang, maana Lorre hakujua kupiga. Lakini wezi wa mji, waliochoshwa na misako iliyoletwa kwa sababu yake, wanapomkamata na kumweka mbele ya mahakama yao katika kiwanda cha pombe kilichohamwa, yule bwana mnene huanguka magotini akawalilia kwamba wao huiba kwa hiari, ilhali yeye hufukuzwa na nafsi yake usiku na mchana. Na mtazamaji aliyekuwa akimtakia kitanzi huingiwa na fadhaa, asijue amlaani au amsikitikie.

Mwaka 1933 Hitler aliposhika madaraka, Lorre, kwa kuwa ni Myahudi, alihama. Baadaye Wanazi walikikata kipande kile cha maungamo wakakitia katika senema ya mwaka 1940 ya kuwakashifu Wayahudi, kana kwamba mchezaji na muuaji ni mtu mmoja. Hollywood nayo ilifanya kosa hilohilo, ingawa kwa adabu na kwa mshahara.

Kabla ya kufika huko alicheza London mwaka 1934 kwa Alfred Hitchcock, akikariri matamshi ya Kiingereza kabla ya kuimiliki lugha yenyewe. Huko Marekani alifanywa mara tabibu mwenye wazimu, mara Bwana Moto, mpelelezi wa Kijapani, katika senema 8, kazi isiyomstahili yeye wala Wajapani. Heri ikamjia mwaka 1941 katika The Maltese Falcon, na mwaka uliofuata katika Casablanca, ambamo huonekana kwa dakika chache kisha akakamatwa. Lakini hati za safari anazoziacha ndizo zinazokiendesha kisa chote. Wakati wote huo alikuwa akipigana na mofini, iliyomnasa tangu alipopasuliwa kwa maradhi ya nyongo ujanani.

Baada ya vita alirejea Ujerumani akaongoza senema yake ya pekee, Der Verlorene ya mwaka 1951, akicheza mwenyewe mtaalamu aliyeua na ambaye uhalifu wake ulifichwa na dola ya Wanazi. Wajerumani, waliotaka kusahau, hawakwenda kuitazama, naye akarudi Marekani na huzuni yake. Naam, alikuwa na haki ya kuhuzunika: hakupewa tena kazi ya kipimo kile. Katika Beat the Devil ya mwaka 1953 yumo katika genge la walaghai waliokusudia kuja Afrika Mashariki ya Kiingereza kunyakua ardhi yenye urani. Safari hiyo ni ya dhihaka tupu, na senema ilipigwa Italia.

Uzeeni alinenepa mno, akaugeuza utisho kuwa mzaha. Katika The Raven ya mwaka 1963 alibuni maneno yasiyoandikwa, hata Boris Karloff, mzoefu wa kushika maandishi, akataabika kumfuata. Alifariki tarehe 23 Machi 1964 akiwa na miaka 59, na rafiki yake Vincent Price ndiye aliyesoma taabini mazikoni. Senema yake ya mwisho, The Patsy ya Jerry Lewis, ilitoka yeye akiwa amekwisha kuzikwa, nayo ni ya kuchekesha.