Chombo cha Hukumu: Katama Mkangi na Mwanzo wa Riwaya ya Kisayansi katika Kiswahili

Riwaya ya Kiswahili haijapata sifa kwa bunilizi za kisayansi. Watunzi wake wengi wa miaka ya 1970 na 1980 waliegemea uhalisia: walichora kijiji na mji, ndoa na kazi, uongozi na hila zake. Ndiyo maana Walenisi (1995) ya Katama Mkangi imewatatiza wahakiki. Ndani yake mna chombo kirukacho angani na dunia nyingine iliyo mbali na hii. Hata hivyo, sayansi yenyewe si shughuli kuu ya mwandishi. Je, hii ni riwaya ya kisayansi, au ni ngano ya kale iliyovishwa vazi la chuma? Makala haya yanashikilia kwamba jibu limo katika chombo hicho, ambacho aghalabu huchukuliwa kuwa pambo la safari tu, ilhali ndicho kitovu cha maana ya riwaya.

Mkangi, mzaliwa wa pwani ya Kenya, alikuwa mwanasosholojia kabla ya kuwa mwanariwaya wa kutajika, na alifundisha taaluma hiyo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukiwa (1975) ilihusu mapenzi na maisha ya vijana wasomi. Mafuta (1984) ilihamia kwenye fumbo, ikahoji mgawanyo wa mali na madaraka. Baina ya riwaya hiyo na ya tatu kuna miaka 11, na si miaka mitupu. Mwaka 1982 Kenya ilifanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja. Mwaka 1986, katika msako ulioandamana na tuhuma za kundi la Mwakenya, Mkangi alikuwa miongoni mwa wahadhiri waliowekwa kizuizini bila kushtakiwa mahakamani. Kifungu kilichohalalisha chama kimoja kiliondolewa mwishoni mwa mwaka 1991. Mwaka 1997, miaka miwili baada ya Walenisi kutoka, mtunzi wake aligombea urais kwa tikiti ya Kenya National Congress, akapata kura chache mno. Alifariki mwaka 2004.

Itakuwa kosa kuisoma Walenisi kama tawasifu ya mfungwa. Hata hivyo, msuko wake unaanzia pale pale historia ilipomgusa mwandishi: mbele ya hukumu. Dzombo, mhusika mkuu, ambaye jina lake lina sauti ya lugha za Wamijikenda isiyopatikana katika Kiswahili sanifu, anahukumiwa kufa na utawala usiovumilia fikra zake. Adhabu yake si kitanzi. Anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani akaangamie huko. La kuzingatiwa ni kwamba Dzombo haokolewi na mtu. Anajifunza kukiendesha chombo kile kile kilichoundwa kumuua, na kwa maarifa hayo anafika Walenisi. Sayansi katika riwaya hii, basi, si utabiri wa mitambo ya kesho. Ni ujuzi unaonyang'anywa kutoka mikononi mwa wenye nguvu. Dola inadhani imemiliki chombo kwa kuwa imekigharimia. Riwaya inajibu kwamba chombo ni cha yule anayekielewa.

Hoja hii inadhihirika zaidi Walenisi ikilinganishwa na riwaya ya Mrusi Yevgeny Zamyatin, iliyokamilika mwaka 1921 na ambayo jina lake la Kirusi, My, maana yake ni 'Sisi'. Zamyatin alikuwa mhandisi wa meli. Alifungwa na utawala wa Kaisari, akakamatwa tena na Wabolsheviki, na riwaya yake haikuchapishwa katika Muungano wa Sovieti hadi mwaka 1988, zaidi ya miaka 50 baada ya yeye kufia Paris. Humo pia mna chombo cha anga, kiitwacho Integral, kinachoundwa ili kuzipelekea sayari nyingine utaratibu wa dola moja. Mwundaji wake, D-503, anaishia kufanyiwa upasuaji wa kuondolewa uwezo wa kuwaza mambo ya kubuni. Waandishi hawa wawili wanapishana njiani. Kwa Zamyatin, 'sisi' ni neno la dola, linalommeza mtu binafsi, na mjuzi wa chombo anapokonywa fikra. Kwa Mkangi, mwenye fikra ndiye anayeuteka ujuzi wa chombo, na 'sisi' ni jambo la kugunduliwa baada ya safari ndefu.

Ugunduzi huo umo katika jina lenyewe. Walenisi ni 'wale ni sisi'. 'Wale' huonyesha walio mbali na msemaji na msemewa pia; 'sisi' humjumuisha msemaji. Jamii ya haki anayoikuta Dzombo huko si ya viumbe wa ajabu. Ni binadamu kama ambavyo wangeweza kuwa. Umbali wa anga unapimwa kwa maadili, na kiasi cha umbali huo ni lawama kwa dunia aliyotoka.

Hapa pia ndipo udhaifu wa riwaya ulipo. Dzombo akishatua, msisimko wa msuko hupungua. Mahojiano na mafunzo huchukua nafasi ya vitendo, na mwanasosholojia humzidi mwanariwaya. Kasoro hii si ya Mkangi peke yake. Ivan Yefremov, aliyechora ustaarabu wa kikomunisti wa siku za usoni katika riwaya yake ya mwaka 1957 kuhusu Andromeda, alilaumiwa vivyo hivyo kwa kuwafanya wahusika wake wahutubu. Ni vigumu kusimulia mahali ambapo migogoro imekwisha.

Walenisi huwekwa pamoja na Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, kazi zilizouacha uhalisia na kuufungulia njia mkondo uliozaa baadaye Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed na Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila. Kuziweka pamoja ni sawa, mradi tofauti isisahaulike. Kezilahabi aliuacha uhalisia ili aulize maswali ya kuwepo na ukweli. Mkangi aliuacha kwa sababu mahakama ya kihalisia haikumwachia mshtakiwa mlango wowote wa kutokea. Mlango aliouona ulikuwa ndani ya adhabu yenyewe.