Mtihani mmoja, udongo mbalimbali



Kuna usiku mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliniandikia ku WhatsApp kutoka Marekani. Familia yao ilikimbia vita ya kwetu Kivu, wakakaa miaka mingi ku kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kisha wakapelekwa Marekani kama wakimbizi. Sasa anamaliza sekondari. Alikuwa amefanya mtihani wenye kuitwa SAT, akapata 1310 juu ya 1600. Chuo kikuu anachotaka kinasema: ukipenda tuma alama, usipopenda acha. Akaniuliza: «Yaya, nitume ao niache? Naogopa wataniona mdogo.»

Mimi nilisoma agronomia. SAT nilikuwa naisikia tu. Sisi tunajua Exetat: karatasi za Leta, siku nne za jasho, na ile pursantaji unayobeba maisha yote. Mimi nilitoka na 57%, na mpaka leo kuna watu wenye kuniuliza hiyo namba mbele ya kuniuliza najua kufanya nini. Kwa hiyo sikutaka kumjibu mtoto kwa kubahatisha. Nilichimba historia, na nawapatia hapa nilichokuta, juu wengi wetu tuna wadogo kule, ao tunajaza fomu za kwenda kusoma.

Zamani vyuo vikuu vingi vya Marekani vilikuwa kila kimoja na mtihani wake wa kuingilia. Mwaka 1900 vyuo kadhaa vya upande wa mashariki viliunda College Board kusudi kuwe na mtihani mmoja. Mwaka 1901 waliufanya watu 973 tu. Ulikuwa wa kuandika: Kilatini, Kigiriki, historia, hesabu. Mwenye kusoma shule ya bei kali alikuwa amefundishwa hivyo vitu. Mtoto wa mkulima, hapana.

Kisha vita ya kwanza ya dunia ikafika. Jeshi la Marekani lilipima akili ya askari zaidi ya milioni moja kwa maswali mafupi. Profesa mmoja wa Princeton, Carl Brigham, alichukua matokeo yale na mwaka 1923 akatoa kitabu chenye kupanga watu kwa asili yao: wazungu wa Ulaya kaskazini juu, Weusi chini. Ndiye huyo huyo aliyeongoza kutengeneza SAT. Tarehe 23 Juni 1926 ilifanywa mara ya kwanza na vijana zaidi ya 8000: maswali 315 kwa dakika 97. Mwaka 1930 Brigham mwenyewe aliandika kwamba kazi yake ya 1923 haikuwa na msingi. Lakini mtihani ulikuwa umekwisha kutoka.

Kama ningeishia hapo, ningemwambia mdogo wangu: achana nao. Kumbe kuna upande wa pili.

Miaka ile ile, vijana wa Kiyahudi, wengi watoto wa wahamiaji, walikuwa wanashinda mitihani ya kuingia Harvard. Mwaka 1922 walikuwa wamepita mmoja juu ya watano. Mkubwa wa chuo, Lawrence Lowell, akataka wawekewe kiwango. Walipomkatalia kusema hivyo waziwazi, njia ingine ilipatikana: kuangalia tabia, picha ya mwombaji, jina la familia, mahali alipotoka. Hesabu ya Wayahudi ikashuka. Wale vijana hawakuwa wameshindwa mtihani. Walifungiwa mlango kwa maneno mazuri, kama vile «tabia» na «utu».

Mwaka 1933 Harvard ikapata mkubwa mwingine, James Conant. Yeye alitaka kupatia buruse vijana wenye akili waliotoka mbali, wasiosoma shule za matajiri. Alimtuma msaidizi wake Henry Chauncey atafute kipimo, na Chauncey akaleta SAT. Mwaka 1947 lilianzishwa shirika la ETS kwa kusimamia mitihani hiyo, Chauncey akiwa mkubwa wake wa kwanza. Ni hivi mtihani uliotoka mkononi mwa mtu wa ubaguzi ulivyoanza kufungulia mlango vijana wasio na jina.

Lakini pesa nayo haikulala. Stanley Kaplan, mtoto wa Brooklyn, alianza mwaka 1938 kufundisha wanafunzi nyumbani kwa wazazi wake, na baadaye ile kazi ya kuandaa watu kwa SAT ikawa biashara kubwa. Mwenye pesa akanunua mazoezi, asiye nayo akaingia mtihani baridi. Chuo cha Bowdoin, tangu mwaka 1969, kiliacha kulazimisha alama. Covid ilipofika mwaka 2020, vyuo vingi sana vilifuata njia hiyo. Vyuo vikuu vya Leta ya California viliacha kabisa kutumia SAT.

Sasa sikilizeni hii, juu ndiyo iliyonijibia swali. MIT ilirudisha mtihani mwaka 2022, Dartmouth mwaka 2024. Watafiti wa Dartmouth waliona kwamba wanafunzi wa familia maskini walikuwa wanaficha alama ambazo zingewasaidia. Walijilinganisha na watoto wa matajiri, wakaogopa. Kumbe wenye kuchagua walikuwa wanaangalia alama pamoja na shule mtu alikotoka.

Ku shamba hiyo tunaijua. Ukinionyesha maharagi ya Rutshuru, ku udongo wa volkano, na maharagi ya Walungu, ku udongo wenye asidi na wenye kumomonyoka, siwezi kupima kilo tu nikasema mbegu hii ni nzuri, ile ni mbaya. Mbegu yenye kutoa kidogo Walungu inaweza kuwa yenye nguvu kuliko ingine. Lakini siwezi pia kutupa mzani. Nikiutupa, atakayeshinda ni mwenye kusema vizuri juu ya shamba lake.

Nikamuuliza mdogo wangu: «Ku shule yenu wengine wanapata ngapi?» Akasema wengi hawafiki 1000. Nikamwambia: «Basi tuma. Na uandike ulianza Kingereza ukiwa na miaka ngapi, na ulisomea wapi mbele.» Alitaka kuficha Nyarugusu pia. Nikamwambia hapana, ndio udongo wako huo, bila huo hawataelewa ile 1310.

Alituma. Jibu bado. Inaweza kuwa hapana, na nilimwambia hivyo mapema.

Lakini swali lilinibakia mimi mwenyewe. Hapa kwetu mtoto wa kijiji asiyekuwa na kitabu, wala mwalimu wa fizikia, anapata 54%, na mtoto wa shule kubwa ya mjini anapata 68%. Tunazisoma hizo namba mbili kama zilitoka ku shamba moja. Wewe uliye mwalimu, assistant ku fakilte ao mwenye kuajiri, siku utashika dosye ya mtu, soma pursantaji yake. Kisha uliza alisomea wapi.