Kiwanja na Mlango: Mahali pa Maktaba ya Umma Jijini Nairobi

Neno maktaba, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ni jina la mahali kwa umbo lake lenyewe, kama yalivyo madrasa na mahakama. Mzizi wake ni ule ule wa kitabu na katibu. Hivyo basi, suala la mahali limo ndani ya neno hata kabla ya kiwanja kupimwa. Historia ya Nairobi yaonyesha, hata hivyo, kwamba mahali si kiwanja peke yake.

Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ukumbusho wa Sir William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka 1925. Gharama zake zilitokana na mjane wake, Lady Lucie McMillan, pamoja na msaada wa Carnegie Corporation ya Marekani. Kiwanja kilichoteuliwa kilikuwa katikati ya mji, jirani na Msikiti wa Jamia, karibu na maduka ya Wahindi. Laiti ubora wa mahali ungepimwa kwa kamba tu, pasingepatikana pengine bora zaidi. Walakini, ngazi zile zenye nguzo na simba wawili wa mawe zilikuwa za Wazungu pekee. Mwafrika aliyepita hapo kila siku akienda kazini aliweza kuhesabu nguzo zake asiweze kufungua kitabu hata kimoja.

Mwaka 1962 Baraza la Jiji lilitwaa maktaba hiyo, na mlango ukawa wa wote. Lakini mji wenyewe ulikuwa umekwisha kugawanywa. Serikali ya kikoloni iliwatenga watu makwao kwa misingi ya rangi, Waafrika wakawekwa upande wa mashariki, Pumwani na baadaye Kaloleni. Kwa mtoto wa huko, mlango uliofunguliwa ulibaki mbali kwa miguu na ghali kwa nauli. Ndiyo maana matawi ya Kaloleni na Makadara yana maana kubwa kuliko ukubwa wa majengo yake: hapo maktaba ilimfuata msomaji, badala ya kumngoja.

Sheria ya mwaka 1965 ilianzisha Huduma za Maktaba za Taifa, ambazo makao yake makuu yako Upper Hill. Anayeshuka basi katikati ya mji hana budi kuvuka Barabara Kuu ya Uhuru na kupanda kilima ili kuyafikia. Kwa sababu hiyo jengo la McMillan halikupoteza umuhimu wake.

Mwaka 2018 taasisi ya Book Bunk iliingia ubia na Serikali ya Kaunti ya Nairobi ili kuzikarabati maktaba hizi tatu, na ukarabati ukaanzia kwenye matawi. Utaratibu huo ni funzo kwa wateuzi wa viwanja. Kitovu cha mji kwenye ramani huenda kisiwe kitovu cha wasomaji. Yafaa kwanza kuuliza msomaji anatoka wapi, atafikaje, na akifika, mlangoni atapokewa na nani na kwa lugha gani.