Nyumba Inayohama na Mashine Inayozunguka: Usafi, Umeme na Roboti Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Roboti ya usafi, yaani mashine yenye magurudumu inayozunguka nyumbani ikizoa vumbi bila kushikwa na mtu, huelezwa na wanahistoria wengi wa teknolojia kuwa tunda la betri bora, mota ndogo na kompyuta za bei nafuu. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaacha jambo ambalo hujitokeza waziwazi historia hiyo inapotazamwa kutoka Garissa, Wajir na Mandera: kabla ya mashine kuwapo, ilibidi iwepo nyumba ya namna fulani, nyumba isiyosogea, yenye sakafu ngumu na iliyosawazishwa, kuta za kudumu na soketi ya umeme ukutani. Katika maeneo ambako kwa karne nyingi nyumba yenyewe ndiyo iliyosafiri, swali la usafi lilikuwa na jibu tofauti kabisa.

Nyumba hiyo ya safari ni aqal, kibanda cha mviringo cha wafugaji wa Kisomali kinachojengwa kwa fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka na ngozi. Kwa desturi, aqal ni mali ya mwanamke, naye ndiye anayesuka au kusimamia usukaji wa mikeka yake, anayeisimamisha, anayeibomoa na kuipakia juu ya ngamia wa mizigo pindi malisho yanapokwisha. Mikoma inayostawi kandokando ya mto Tana hutoa makuti ya mikeka na vikapu, na eneo la ndani la kibanda hufagiliwa kwa mkono kila siku, lakini sehemu kubwa ya kazi ya usafi ilifanywa na kuhama kwenyewe. Samadi iliyorundikana katika zizi, kupe waliozaliana ndani yake, majivu ya jiko na mabaki ya mifupa, vyote viliachwa nyuma vikaushwe na jua, na familia ikaanza upya juu ya ardhi ambayo haikuwa imekaliwa kwa miezi au miaka. Si sahihi kuuona utaratibu huo kama ukosefu wa usafi, kama ilivyokuwa desturi ya maofisa wengi wa kikoloni. Ulikuwa mfumo kamili, na ulihitaji nafasi pana badala ya vifaa vingi.

Nafasi hiyo ndiyo iliyopunguzwa hatua kwa hatua. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, kama Waingereza walivyoliita eneo hilo, ilitawaliwa kwa sheria za pekee, mojawapo ikiwa ile ya mwaka 1934 ya wilaya maalumu, zilizodhibiti mienendo ya watu na mifugo yao. Baada ya uhuru vilifuata vita vya Shifta, vilivyodumu kuanzia 1963 hadi 1967 kati ya serikali na wapiganaji waliotaka eneo hilo liungane na Somalia, na katika miaka ya mwisho ya vita hivyo wafugaji wengi walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa na askari. Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965, uliopendekeza fedha za maendeleo zielekezwe zaidi katika maeneo yenye ardhi na mvua za kutosha, uliiacha Kaskazini nyuma kwa miongo mingi. Ukame uliojirudia ulimaliza mifugo, na waliopoteza ngamia walihamia pembezoni mwa miji, katika mitaa ambayo Garissa huiita bulla. Hata kutulia huko hakukuwa na dhamana ya usalama: mwezi Novemba 1980 nyumba za Bulla Kartasi ziliteketezwa katika operesheni ya vyombo vya usalama iliyogharimu maisha ya watu wengi, tukio ambalo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliorodhesha miongoni mwa dhuluma kubwa za eneo hilo. Hivyo ndivyo sakafu ya saruji ilivyofika kwa familia nyingi za Garissa, kwa kulazimishwa na kwa kupoteza, na si kama hatua tulivu ya maendeleo.

Wakati Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikiwa bado imefungwa kwa sheria hizo za kikoloni, baadhi ya mashine za kwanza zilizojiendesha zenyewe chumbani zilikuwa zikijaribiwa Uingereza. Mwaka 1948 na 1949 William Grey Walter, mtafiti wa ubongo katika Taasisi ya Burden mjini Bristol, aliunda vigari viwili vya magurudumu matatu alivyoviita Elmer na Elsie, na ambavyo vilijulikana kama kobe kwa sababu ya gamba lililovifunika. Kila kimoja kilikuwa na seli ya mwanga, yaani kifaa kinachoitikia mwanga kwa kubadilisha mkondo wa umeme, pamoja na swichi iliyotambua gamba lilipogonga kitu, na kazi yote ya kuamua ilifanywa na valvu mbili za aina iliyotumika katika redio za wakati huo. Betri ilipopungua nguvu, kobe alivutwa na taa kali iliyowekwa ndani ya kibanda chake, akaingia na kuchajiwa, kisha akatoka tena. Tabia hiyo ya kurudi kituoni kutafuta umeme ndiyo roboti za usafi za leo zinayoifuata, ingawa njia za kuutafuta mlango zimebadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Maabara ya Fizikia Tumizi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walikwenda mbali zaidi kwa kuunda mashine iliyotembea katika korido ikipapasa ukuta hadi ilipopata soketi, ikajichomeka yenyewe. Umeme ulikuwa lishe yake, na ukuta ulikuwa malisho.

Tawi la pili la utafiti lilitaka mashine ifikiri kabla ya kusogea. Roboti iitwayo Shakey, iliyoundwa katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford kati ya 1966 na 1972, ilipiga picha ya chumba, ikaipeleka kwa kompyuta kubwa iliyokuwa mbali nayo, ikapangiwa njia na ndipo ikasogea. Ilifanya hivyo katika vyumba vilivyoandaliwa maalumu, vyenye sakafu laini na maboksi ya rangi zilizoonekana kwa urahisi. Mwaka 1979 kigari cha Hans Moravec, katika Chuo Kikuu cha Stanford, kilivuka chumba chenye viti kwa muda wa takriban saa tano. Rodney Brooks wa taasisi ya teknolojia ya MIT aliuona mwendo huo kuwa ushahidi kwamba njia yenyewe ilikosewa, na mwaka 1986 alipendekeza mpango wa tabaka, ambamo tabia ndogo ndogo, kama vile kuepuka kizuizi au kufuata ukuta, huendeshwa sambamba bila kusubiri ramani ya dunia nzima ikamilike. Mwaka 1990 Brooks, Colin Angle na Helen Greiner walianzisha kampuni ya iRobot.

Kampuni ya Electrolux ya Uswidi ilionyesha hadharani mfano wa mashine yake ya kufyonza vumbi isiyohitaji dereva mwaka 1996, na mwaka 2001 ikaanza kuiuza kwa jina la Trilobite. Trilobite ilipima umbali wa vitu kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii, na milangoni ilizuiwa kwa vipande vya sumaku vilivyobandikwa sakafuni. Ilikuwa ghali mno. Roomba ya iRobot, iliyotoka mwezi Septemba 2002, iliuzwa kwa dola 199, takriban shilingi 15,700 za Kenya kwa viwango vya wakati huo, na iliweza kuwa rahisi kwa sababu haikujua ilipo: ilizunguka kwa mduara uliopanuka, ikagonga, ikageuka, ikafuata ukuta kwa muda, ikitegemea kwamba baada ya kuzurura vya kutosha ingekuwa imepita karibu kila mahali. Mashine kama Neato ya mwaka 2010, iliyotumia mwali wa leza kuchora ramani ya chumba huku ikisafisha, zilikuja baadaye, na hapo ndipo kazi ya Shakey na ile ya Brooks zilipokutana.

Kila hatua katika mfululizo huo ilitarajia nyumba fulani, nayo haikuwa nyumba ya Garissa. Hadi katikati ya miaka ya 2010 mji huo ulipata umeme kutoka kwa jenereta za dizeli zilizojitenga na gridi ya taifa, kabla ya laini ya kilovolti 132 kufika kutoka Kindaruma kupitia Mwingi. Wajir na Mandera ziliendelea kutegemea vituo vyao vya dizeli, vikisaidiwa na umeme wa jua. Mchanga wa eneo hilo, unaoingia kila upepo unapovuma, ni mwingi kuliko uwezo wa kikasha kidogo cha Roomba, na sebule nyingi za Kisomali hutandikwa mazulia na matakia ya kukalia chini, ambayo nyuzi za pembeni mwake huzinasa brashi za mashine ndogo. Kwa upande wa gharama, ufagio na mtu wa kuushika vimebaki rahisi zaidi. Kudai kwamba kukosekana kwa roboti sebuleni ni dalili ya kuchelewa ni kusahau kwamba vifaa huundwa kwa kufuata nyumba ya mwundaji.

Iko, hata hivyo, sakafu moja katika kaunti ya Garissa inayotimiza masharti yote ya mashine hiyo, nayo ni ya kioo. Mwezi Desemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alizindua kituo cha umeme wa jua cha Garissa, chenye uwezo wa megawati 54.6, kilichojengwa na kampuni ya Kichina ya Jiangxi kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na chenye paneli zaidi ya 200,000 katika hekta 85. Paneli hizo zimepangwa kwa safu zilizonyooka, hazisogei, na vumbi ndilo adui yao, kwa kuwa kila chembe iliyotua juu ya kioo huzuia sehemu ya mwanga usifike kwenye seli. Jinsi vumbi linavyoweza kuua mashine ilionekana mbali zaidi: roboti ya Opportunity, iliyotua kwenye sayari ya Mirihi mwezi Januari 2004, iliishi miaka mingi kuliko ilivyotarajiwa kwa sababu upepo ulifuta paneli zake mara kwa mara, ikanyamaza mwezi Juni 2018 baada ya dhoruba ya vumbi kuzima mwanga wa jua.

Duniani, wapo wasiosubiri upepo. Mwaka 2014 kituo cha Ketura katika jangwa la Negev, Israeli, kilianza kutumia karibu roboti mia moja za kampuni ya Ecoppia, zinazosogea juu ya safu za paneli usiku, zikifuta vumbi kwa vitambaa laini na hewa bila kutumia tone la maji. Mashine hizo hazihitaji kufikiri kama Shakey wala kuzurura kama Roomba, kwa sababu reli huzionyesha njia. Sifa yao ya kutotumia maji ina uzito wa pekee katika kaunti ambayo Tana ndio mto wake pekee usiokauka, na ambako kila lita ya kuosha kioo ingeweza kunywesha mifugo. Ikiwa roboti ya usafi itapata kazi ya kudumu Kaskazini Mashariki, itaipata juu ya paneli kabla ya kuipata sebuleni, na wanaopanga vituo vya umeme wa jua vya Wajir na Mandera hawana budi kuiingiza gharama ya vumbi katika bajeti zao tangu mwanzo.